Kaka yangu anasema mwanzilishi wa Boots hakuwa mfamasia. Je, nimwondoe wangu?

Swali: "Ninaendesha duka la dawa, huu ni mwaka wa sita. Mimi si mfamasia, nilisomea biashara. Nimemwajiri mfamasia mmoja, na mshahara wake unazidi hata kodi ya pango. Kaka yangu ana mtaji kidogo na anataka tuongeze mkopo juu yake, tufungue maduka mengine matatu mwaka huu. Amesoma habari za Jesse Boot, aliyejenga mtandao wa maduka ya dawa ya Boots huko Uingereza: aliacha shule akiwa na miaka 13, hakuwa mfamasia, aliuza kwa bei ya chini kuliko wote, akafikisha maduka mamia. Kwa hiyo anataka tumwondoe mfamasia, tushushe bei, tukimbie kabla wengine hawajatuwahi. Nikimpinga ananiambia ni uoga wangu ndio umenibakiza na duka moja. Je, hayo ya Boot ni kweli? Na kama ni kweli, mbona roho yangu bado inasita?"

Dada yangu, kaka yako hakukudanganya. Boot aliacha shule mapema, hakuwahi kuwa mfamasia, alishusha bei mpaka wenzake wakamchukia, na kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia alikuwa na maduka zaidi ya 500. Ila kaka yako amekusomea nusu ya kisa akafunga kitabu. Katika nusu aliyoiacha kuna mfamasia, na huyo mfamasia ndiye aliyelitoa duka la Boot kwenye mitishamba na sabuni likawa duka la dawa. Nitakueleza kisa chote kwa sababu uamuzi wenu unaning'inia hapo. Halafu tutarudi kwenye mkopo na maduka matatu.

Tuanze na hiyo shule. Jesse Boot alizaliwa Nottingham mwaka 1850. Baba yake, John, alikuwa kibarua wa mashambani kabla ya kuhamia mjini, na mwaka 1849 alifungua duka dogo la mitishamba katika mtaa wa Goose Gate, akiwauzia watu ambao daktari kwao alikuwa anasa. John alifariki mwaka 1860, Jesse akiwa na miaka 10. Mama yake, Mary, hakulifunga duka. Alilishika mwenyewe, na mtoto alipofikisha miaka 13 akaacha shule ili amsaidie.

Watu wakisoma "aliacha shule" hudhani kijana alirukia biashara akiwa hajui kitu. Hesabu miaka lakini. Aliingia nyuma ya kaunta akiwa na miaka 13, akawa mshirika rasmi wa mama yake mwaka 1871, na usukani wote akaushika mwaka 1877, akiwa na miaka 27. Hiyo ni miaka 14 ya kuchuma majani, kuyakausha, kuyasaga, kuyafunga na kumsikiliza mteja anayeeleza tumbo lake. Darasani hakukaa sana, lakini mafunzo yake yalikuwa marefu kuliko ya wengi wenye vyeti. Na mwalimu wake alikuwa mama, ambaye mara nyingi anaachwa nje ya masimulizi haya.

Sasa bei. Hapa kaka yako ana hoja nzuri, ila nina wasiwasi anaona matokeo bila kuona kinachoyaendesha.

Dawa zilizotia fora Uingereza wakati ule zilikuwa zile za viwandani zenye majina yaliyotangazwa kila gazeti. Kiboksi cha vidonge vya Beecham, kwa mfano, kilijulikana na kila mtu kwa bei yake ya shilingi 1 na peni 1 na nusu. Mteja hakuhitaji kushawishiwa na mwenye duka, tangazo lilikwishamshawishi. Alichouliza ni wapi atakipata kwa nafuu. Boot aliliona hilo. Mwaka 1877 alitangaza gazetini orodha ya bidhaa zaidi ya 100 kwa bei zilizopunguzwa, kila moja na bei yake. Mtu alikaa nyumbani, akalinganisha, akachukua kofia yake akaenda Goose Gate.

Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha haluli, ile chumvi ya kulainisha tumbo. Wauzaji wengine waliipima kwa wakia, peni moja kwa wakia. Boot alinunua shehena nzima kwa mkupuo, akaipanga palipoonekana na kila mpita njia, akaiuza peni moja kwa ratili. Ratili moja ni wakia 16. Mteja aliyezoea kufungiwa kijikaratasi alitoka na mfuko mzima kwa sarafu ileile.

Aliwezaje bila kufilisika? Chukua kalamu tufanye hesabu. Kitu umekinunua kwa 80, unakiuza 100, faida ni 20. Ukishusha bei hadi 90, faida inakuwa 10, kwa hiyo ni lazima uuze mara mbili ili ubaki palepale ulipokuwa. Ukishusha hadi 85, ni mara nne. Wengi huishia hapa, wanashusha bei, mauzo yanapanda kwa robo tu, na mwisho wa mwezi wanajiuliza pesa imekwenda wapi. Mambo mawili ndiyo yaliyomwokoa Boot. La kwanza, aliuza taslimu na kununua taslimu. Maduka yake yaliitwa hivyo hata kwenye kibao: Boots Cash Chemists. Hakuwa na daftari la wadeni, wala hakubeba bidhaa za mali kauli ambazo bei yake huwa imekwishapandishwa kimyakimya na msambazaji. Mwenye pesa mkononi na anayechukua shehena nzima ndiye anayepangiwa bei ya chini, kwa hiyo ile 80 yako kwake ilikuwa pungufu. La pili ni mzunguko. Fungu lile la 80 likikaa rafuni mwaka mzima, linakupa 20. Likiuzwa kwa 90 na kununuliwa upya mara 6 ndani ya mwaka, linakupa 60. Boot alitajirikia kwenye kasi ya stoo yake. Na kuanzia mwaka 1885 akaongeza jambo la tatu, akakodi vyumba katika kinu cha pamba kule Island Street akaanza kutengeneza baadhi ya bidhaa zake mwenyewe.

Kwa hiyo muulize kaka yako swali moja: bei yetu ya kununulia itashuka kwa kiasi gani tukiwa na maduka manne? Kama hajazungumza na msambazaji yeyote akapewa bei kwa maandishi, anachokipendekeza ni kupunguza faida yenu wenyewe.

Nikiri pia kwamba si kila kilichouzwa kwa bei ile kilistahili kununuliwa. Mwaka 1909 Chama cha Madaktari cha Uingereza kilichapisha uchunguzi wa dawa hizo zilizotangazwa sana, na vile vidonge vya Beecham vilikutwa ni shubiri, tangawizi na sabuni, malighafi ya thamani ndogo mno ukilinganisha na bei ya kiboksi. Boot aliwapunguzia maskini bei ya vitu ambavyo vingine havikuwa na faida kubwa kwa afya zao. Ndivyo ulivyokuwa ulimwengu wa dawa enzi zile, na ndiyo sababu moja ya kutouiga kichwakichwa. Haluli unaweza kuirundika dirishani. Antibayotiki huwezi, wala hupaswi kufurahi zikiuzika kwa kasi.

Haya, tufike kwa mfamasia.

Sheria ya Uingereza ya mwaka 1868 ilisema ni waliofaulu mitihani na kusajiliwa tu ndio waruhusiwe kuuza sumu zilizoorodheshwa na kujiita wafamasia. Katika orodha hiyo zilikuwamo dawa nyingi ambazo daktari angeziandika. Boot hakuwa na mtihani wowote, kwa hiyo kwa miaka yote ile aliuza mitishamba, sabuni na dawa za viwandani, huku mlango wa dawa za cheti cha daktari ukiwa umefungwa mbele yake. Akili ya biashara isingeufungua, wala bei ya chini. Ulifunguliwa na kesi ambayo yeye hakuwa mhusika. Chama cha Wafamasia kiliishtaki kampuni moja ya London iliyouza dawa, na mwaka 1880 shauri likafika Baraza la Malordi, ambalo wakati ule ndilo lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya rufaa. Waamuzi wakasema kampuni si mtu anayeweza kufanya mtihani, kwa hiyo katazo lile halikuihusu. Kampuni ingeweza kumiliki duka la dawa, mradi kazi yenyewe nyuma ya kaunta ifanywe na mwenye sifa.

Angalia Boot alifanya nini baada ya hapo. Mwaka 1883 alisajili kampuni. Mwaka 1884 akamwajiri Edwin Waring, mfamasia aliyesajiliwa, na dawa za cheti zikaanza kuandaliwa Goose Gate kwa bei ambayo mafundi na vibarua waliimudu. Na mwaka huohuo, 1884, ndipo matawi ya kwanza nje ya Nottingham yalipofunguliwa, Lincoln na Sheffield. Mpangilio huo wa tarehe ndio ninaotaka kaka yako autazame. Kampuni, kisha mfamasia, kisha matawi. Alikuwa na duka lenye mafanikio kwa miaka mingi bila kutoka mjini kwake. Alipompata mfamasia ndipo akatoka.

Mwaka 1888 kampuni ikaitwa Boots Pure Drug Company. Hilo neno la usafi wa dawa halikuwekwa kwa mapambo. Watu walikuwa na hofu ya dawa zilizochakachuliwa, na wapinzani wake walikuwa wakieneza kwamba dawa ya bei ya chini lazima iwe imechanganywa na uchafu. Bila watu wenye sifa ndani ya duka asingekuwa na la kujibu. Wapinzani hawakukosa njia nyingine: mwaka 1896 mfamasia William Glyn-Jones alianzisha muungano wa watengenezaji, wauzaji wa jumla na wa rejareja ili kulinda bei za dawa zenye majina zisishushwe, na kila mtu alijua anayelengwa zaidi ni nani. Mwaka 1908 sheria mpya ikazitaka kampuni zenye maduka ya dawa ziwe na mfamasia msimamizi. Yaani hata ule mwanya wa 1880 haukubaki wazi kama ulivyokuwa. Mtu anayekuambia leo kwamba Boot alifanikiwa bila mfamasia anakueleza jambo ambalo Boot mwenyewe asingeliruhusu kwenye maduka yake.

Na tuache historia kidogo. Mimi ni mfamasia, na nitakueleza unachokilipia kila mwezi, kwa sababu kazi yetu ikifanyika vizuri haionekani. Mzee anaingia, goti linamuuma, anaomba ibuprofeni. Ni dawa ya kawaida, iko rafuni, ina bei, na muuzaji yeyote angempa na kupokea pesa. Mfamasia anauliza: "Baba, kuna dawa nyingine unatumia?" Mzee anatoa kikaratasi mfukoni: wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Dawa hizi mbili zikikutana tumboni mwa mtu mmoja zinaweza kumtoa damu ndani kwa ndani. Mfamasia anamshauri kitu kingine na kumwambia amwone daktari wake. Duka limepoteza mauzo ya pakiti moja, na kwenye daftari lako la jioni hakuna mstari unaoonyesha kilichookolewa. Kaka yako anapolitazama daftari hilo anaona mshahara, haoni yule mzee.

Kuna jambo lingine ambalo kaka yako hakulitaja, labda kwa sababu halikuwa na hesabu ndani yake. Boot alikaribia kuvunjika. Kazi ilimchosha mno hata mwaka 1886 akaenda kupumzika kisiwa cha Jersey. Huko akamkuta Florence Rowe, binti wa muuza vitabu, wakaoana mwaka huohuo. Florence alikuwa amekulia kaunta. Ndiye aliyeleta karatasi na kalamu, vitabu, vifaa vya uchoraji, fremu za picha na vyumba vya chai ndani ya maduka ya dawa. Mwishoni mwa miaka ya 1890 wakaanzisha maktaba ya kuazimisha vitabu kwa ada ndogo, na hapo ustadi wake unaonekana vizuri: maktaba iliwekwa nyuma kabisa ya duka au ghorofani, ili kila aliyekuja kubadilisha riwaya apite kwanza katikati ya marashi, sabuni na dawa. Maktaba hizo ziliendelea hadi mwaka 1966. Sehemu kubwa ya kile kinachoitwa akili ya Jesse Boot ni akili ya Florence, na kabla yake ya Mary. Ukiambiwa kwamba wewe ni mwoga kwa sababu unataka kuongeza kitu ndani ya duka moja kabla ya kuongeza maduka, kumbuka Florence.

Kuhusu mwendo, mfano wa Marekani unanisaidia. Charles Walgreen, aliyezaliwa Illinois mwaka 1873, alipoteza sehemu ya kidole kwenye mashine ya kiwanda cha viatu kabla ya kuingia kazi ya dawa. Yeye alikuwa mfamasia aliyesajiliwa. Mwaka 1901 alinunua duka alilokuwa ameajiriwa, kusini mwa Chicago, kwa dola 6,000. Duka la pili alilipata mwaka 1909. Miaka 8 na duka moja, na leo jina lake limo kwenye maelfu ya milango. Katika miaka hiyo alifanya nini? Moja ya vituko vyake: mteja wa jirani akipiga simu, Walgreen alirudia kwa sauti jina, anwani na kila kitu alichoagiza, ili msaidizi aliyesimama kando asikie, afunge mzigo na atoke mbio. Walgreen akabaki na mteja kwenye simu, akiuliza habari za watoto na hali ya hewa, mpaka mteja anaomba radhi kwamba kuna mtu anabisha hodi. Anayebisha ni yule msaidizi, na mzigo mkononi. Mambo kama hayo hufanywa na mwenye duka anayejua wateja wake kwa sauti. Kwenye maduka manne yaliyofunguliwa ndani ya mwaka mmoja, huyo mwenye duka atakuwa yuko njiani siku nzima.

Boot naye akishapata mfumo alikwenda kwa kasi, sikatai. Kufikia mwaka 1900 alikuwa na matawi karibu 180. Lakini mwili haukumfuata. Ugonjwa wa baridi yabisi ulimla viungo mpaka akawa mtu wa kusukumwa kwenye kiti cha magurudumu, na aliendelea kuendesha himaya ile huku mikono yenyewe ikimgomea. Mwaka 1920 aliiuza kampuni kwa Wamarekani wa United Drug Company, chini ya Louis Liggett, kwa zaidi ya pauni milioni 2. Mwanawe, John, alikuwa mtu mzima mwenye umri wa kushika biashara, na baba hakumkabidhi. Miaka michache baadaye John alikuja kuwa mwenyekiti wa kampuni ileile chini ya wenye mali wapya, na mwaka 1933 ikarudi mikononi mwa Waingereza, ikafungua duka la 1,000 na mwaka uliofuata ikaanza kujaribu wiki ya kazi ya siku 5. Kwa maoni yangu mtoto alikuwa na uwezo ambao baba hakuuona, na nakutajia hilo kwa sababu wewe na kaka yako mnataka kuingia biashara ya kifamilia bila kuzungumza nani ataamua nini.

Boot alifariki mwaka 1931 huko Jersey, akiwa ametoa ardhi na fedha zilizojenga makao ya chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Nottingham. Na kwa kuwa tumeitaja ibuprofeni: iligunduliwa na watafiti wa Boots, Stewart Adams na John Nicholson, mwaka 1961, walipokuwa wakitafuta dawa ya baridi yabisi. Ilimkosa mwanzilishi kwa miaka 30.

Sasa tuitazame mipango yenu kama ilivyo.

Kumwondoa mfamasia na kubaki na duka la dawa: hapana. Sikuwekei kwenye mizani. Mbali na hatari kwa wateja, ni kuhatarisha leseni, na leseni ikienda hakuna duka la kwanza wala la nne. Mtu akiumia, atakayeulizwa ni wewe ambaye jina lako liko kwenye karatasi, kaka yako mwenye mtaji atakuwa shahidi tu.

Kufungua matatu kwa mkopo ndani ya mwaka mmoja, kila moja na mfamasia wake: inawezekana, lakini fikiria uzito wake. Duka jipya hulipa kodi, mishahara na rejesho la benki tangu mwezi wa kwanza, wakati wateja wanakuja taratibu. Duka lako la sasa litakuwa linalisha watoto watatu kwa pamoja. Kama faida yake ya mwezi, baada ya wewe mwenyewe kujilipa mshahara, haifikii rejesho la mkopo, mmoja wao akiyumba wote wanatikisika. Usisahau pia stoo: dawa zina tarehe ya mwisho, na maduka manne yenye stoo kamili yana nafasi nne za kutupa dawa zilizopitwa na muda.

Kufungua la pili tu, kwa mtaji wa kaka yako na mkopo mdogo au bila mkopo kabisa: hapa ndipo ningesikiliza. Ila kwa masharti. Mfamasia wa duka la pili apatikane kabla ya kulipia pango, kwa sababu kupata chumba ni rahisi kuliko kumpata mtu. Mfamasia wako wa sasa, kama anaaminika, mpe nafasi ya kumfundisha mwenzake na usimamizi wa yote mawili kadiri sheria ya mahali pako inavyoruhusu, na umwongeze kitu. Na duka la kwanza liwe linaweza kwenda wiki nzima bila wewe kupigiwa simu. Lijaribu. Kaa nyumbani, uone. Kama simu inalia kila saa, bado duka ni wewe, na wewe huwezi kugawanywa.

Kubaki na moja na kuliongezea nguvu: hii ndiyo ningeanza nayo, ingawa najua kaka yako ataiita uoga. Pitia stoo uone ni bidhaa zipi zimekaa miezi bila kuguswa na ni zipi zinaisha kila wiki. Zungumza na wenye maduka wenzako wadogo kuhusu kununua kwa pamoja, taslimu, ili mpate bei ya shehena bila kila mmoja kumiliki matawi. Ongeza huduma ambazo mfamasia wako amefunzwa na anaruhusiwa kuzitoa, kama kupima presha au kuwafuatilia wagonjwa wa kisukari, ili mshahara wake ugeuke chanzo cha wateja. Fanya hivyo kwa mwaka mmoja, kisha mjadili la pili mkiwa na takwimu zenu wenyewe badala ya za Nottingham.

Roho inayosita uliyoniuliza, basi, ina sababu zake. Uoga na tahadhari hufanana kwa nje. Vinavyotofautisha ni hesabu, na nahisi hesabu hamjazifanya, wewe wala yeye. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mkopo bila daftari hupotea haraka zaidi.

Mengine sitaweza kukumalizia kwa maandishi. Nenda kwa mhasibu, uso kwa uso, na daftari la mauzo ya mwaka mzima, orodha ya stoo, mkataba wa pango na masharti ya mkopo jinsi benki ilivyoyaandika. Nenda kwenye ofisi ya msajili wa maduka ya dawa ya eneo lako uulize kwa maneno mepesi: mtu asiye mfamasia anaruhusiwa kumiliki maduka mangapi, na mfamasia mmoja anaruhusiwa kusimamia mangapi? Majibu hutofautiana kutoka nchi hadi nchi, usichukue ya mtandaoni. Na kabla kaka yako hajaweka hata senti, mwoneni mwanasheria aandike nani ana hisa ngapi, nani anaamua kuajiri na kufukuza, na mmoja akitaka kutoka atalipwaje. Ndugu wanaoona aibu kuandikiana mwanzoni huishia kuandikiana kupitia mawakili. Ikiwa katika mvutano huu mfamasia amekwishaondoka au siku fulani hayupo, sitisha kutoa dawa za cheti mpaka awepo mwenye sifa, hata kama wateja watanung'unika.

Ukishakuwa na karatasi za mhasibu, mwite kaka yako mkae dukani baada ya kufunga, na mfamasia awepo. Mwulize mfamasia ni mara ngapi mwezi uliopita alikataa kuuza kitu au alimpigia daktari simu kuhusu cheti, na kwa nini. Mwache ajibu kwa urefu, usimsaidie. Kisha ndipo mfungue ukurasa wa mishahara.